Kwaresima ya Mtandao Wetu

Chumba changu cha kazi kiko nyuma ya kanisa dogo la watawa, pale walipokuwa wakihifadhi mishumaa. Mpaka leo, mvua ya Bukavu ikianza kupiga bati, kinanuka nta. Ndani mna meza, kabati la mashine linalonguruma kutwa, na kiti ambacho mguu wake mmoja nimeufunga kwa waya. Wasichana wa bweni wananiita papa wa connexion, yaani baba wa mtandao. Mtandao ukienda vizuri hawanijui. Ukikatika wanapita dirishani kwangu mmoja mmoja, na kila mmoja anauliza swali ambalo mwenzake ametoka kuuliza. Mimi si mtu wa subira. Niliwahi kubandika karatasi mlangoni: CONNEXION HAIKO, MUSIULIZE. Wakaja kuuliza ile karatasi ni ya leo au ya jana.

Watawa ninaowafanyia kazi wana shule ya wasichana hapa mjini, kituo cha afya kule Kasha, na shule mbili ndogo, moja Bunyakiri na nyingine Sange. Zote zinapata mtandao wa setelaiti, na ingawa kila mahali pana sahani yake juu ya paa, bomba la huko angani ni moja tunaligawana. Sange wakinywa sana, Bunyakiri wanabaki na kiu. Ndiyo sababu pakawa na chujio, na ndiyo sababu pakawa na mimi.

Kazi yangu hasa ni majina. Watu wengi hawajui kwamba simu au kompyuta, kabla ya kufungua chochote, huuliza kwanza: fulani anakaa wapi? Swali linakwenda kwa mashine ya kujibu, nayo inarudisha namba ya mahali, kisha ndipo safari inaanza. Wataalamu wanaita mpango huo DNS. Chujio letu linakaa hapo hapo penye kujibu. Jina likiwa limekatazwa, linajibu kwamba hakuna mtu wa jina hilo, na mambo yanaishia hapo. Halipigani na mtu wala halivunji kitu. Linakana tu.

Nina ubao kwenye kioo cha kompyuta ambapo maswali hayo yanapita, kutoka kila mahali petu, mstari juu ya mstari. Sioni mtu anasoma nini wala anamwandikia nani. Naona tu jina lililoulizwa na mahali lilipotoka. Siku ya kwanza nilipouwasha, chai yangu ilipoa mbele yangu nisiikumbuke. Muuguzi wa Kasha alikuwa anauliza mahali pa dawa. Sange walikuwa wanauliza mpira. Bwenini kwetu, wiki ya mitihani, hesabu na hesabu na hesabu, halafu mmoja katikati yao akauliza mavazi ya harusi. Nimezaliwa Bukavu, nimekulia hapa, na sikuwahi kuwaona watu wangu namna ile, wote kwa pamoja, kila mmoja na haja yake. Nilishikwa na hofu nzuri, ile inayokushika ukiingia kanisani peke yako. Mpaka leo haijaniisha.

Zamani, kubadilisha kitu kwenye chujio kulikuwa adhabu. Nilipanda pikipiki mpaka Kasha na tope likanifika magotini, na kwa Bunyakiri na Sange nilisubiri gari la watawa. Nikifika nabadilisha kwa mkono, na nikirudi nakuta nimesahau mahali pamoja. Kisha tukapata programu moja. Sasa naandika sheria mara moja, kwenye faili moja, hapa mezani. Mkuu wa watawa anaisoma kwenye simu yake, na akikubali anabonyeza kwa kidole gumba. Bila kidole chake hakiendi kitu. Akishabonyeza, programu inachukua sheria na kuipeleka kila mahali yenyewe. Na haiishii hapo. Inazunguka, inarudi, inazunguka tena, ikilinganisha kilichoandikwa na kilichopo, na ikikuta tofauti inairekebisha bila kumuuliza mtu. Msimamizi wa kazi huku kwetu tunamwita kapita, basi nami nikaipa jina hilo.

Mara ya kwanza kapita alipofanya kazi niliandika mstari mmoja tu, wa kufunga tovuti moja ya kamari. Mamere akabonyeza. Mamere ndivyo tunavyowaita watawa wa kike huku, na huyu mkuu wao ni mamere kuliko wote, mwembamba, mkali, aliyefundisha hesabu mpaka macho yakachoka. Sijamaliza kuvuta kiti, simu ikalia. Mkuu wa shule ya Sange.

"Papa, munatufanya nini huko? Balimu bangu wawili balikuwa naangalia kitu, sasa imekufa!"

Nikatazama dirishani, upande ule ambako barabara inashuka kwenda bonde la Ruzizi. Nimeipita mara nyingi, naijua inavyokula siku nzima ya mtu. Neno langu lilikuwa limefika Sange kabla sijakaa vizuri. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Kapita hana uso wa kumwangalia mtu. Siku moja daktari mgeni wa Kasha alinibembeleza, nikamfungulia tovuti kwa mkono, kimya kimya, bila kupitia kwa mamere. Kapita alipopita kwenye mzunguko wake aliifunga, na juu ya hayo akamwandikia mamere kwamba amekuta kitu kisichoandikwa. Nilitukana kwa Mashi, lugha ambayo mashine haijafundishwa. Ila moyoni nilimheshimu.

Kwaresima ya mtandao ilikuwa wazo la mamere. Alisema watu wanaacha nyama, wanaacha pombe, lakini hakuna anayeacha kioo. Basi kuanzia Jumatano ya Majivu mpaka Pasaka, mtandao wetu nao ufunge: tovuti kubwa za video, nyimbo, michezo, vyote vikanwe. Masomo, dawa na barua viendelee. Jumapili viachwe wazi, kwa kuwa Jumapili si siku ya kufunga, hata ndani ya Kwaresima. Alisisitiza hilo mwenyewe. Nikaandika sheria, akabonyeza, na kapita akaipokea. Wasichana walinung'unika mpaka wakazoea. Kila Jumapili ya Kwaresima ubao wangu ulijaa video mpaka bomba likakohoa, na Jumatatu ukatulia. Nilizoea kuuona ukipumua hivyo.

Mwaka huo ninaousimulia, Kwaresima ikiwa katikati, mama anayepika kwa watawa alifiwa.

Huyu mama ni wa Kasha. Nyumba yake na kile kituo cha afya vinagusana ukuta. Amewalisha wasichana wa bweni miaka na miaka; kuna wanaorudi na watoto wao kuja kula maharage yake. Mwanawe wa kwanza alikuwa Amerika, alipelekwa na mpango wa wakimbizi, akapata kazi kwenye kiwanda cha nyama. Moyo wake ulisimama akiwa kazini. Mwili kuurudisha haikuwezekana, na mama kupewa viza ya kwenda kuzika ni kuota mchana. Wangemzika kule, siku ya Jumamosi, asubuhi kwao, ambayo kwetu ni magharibi. Nyumba ya mazishi ya kule ingerusha picha kwenye tovuti kubwa ya video ili ndugu wa mbali waone.

Alikuja kwangu mwenyewe, kitambaa cheusi kichwani. Hakukaa.

"Papa wa connexion, minakuya kukuomba kitu. Bale ba Amerika balisema kuzika mutoto itapita ku internet samedi mangaribi. Simu yangu inakataaka picha, réseau ya Kasha unaijua. Batu ya centre balisema bako na kioo kubwa, balikubali. Lakini balisema ni weye njo unafunga."

"Ni Kwaresima, maman. Si mimi. Ni mamere."

"Najua. Na mimi niko nafunga. Sitaki kuangalia juu ya kuangalia tu. Unajua papa yabo, bwana yangu, alienda Bunyakiri kuona shamba, ile wakati ya vita. Balikuya kuniambia amekufa. Nani alimuona? Hakuna. Nani alimuzika? Hakuna. Njo maana namungojeaka mupaka leo. Mbwa ikilia ku njia, nainuka. Sasa na huyu, nikikosa kumuona bakimushusha, ntamungojea na yeye. Sitaweza kungojea babili."

Huku kwetu kila mtaa una mtu wa kungojewa, na sote tunajua mwanamke anayengojea anavyozeeka. Nilimwambia nitasema na mamere. Mjini asingeweza kwenda kutafuta mtandao wa kukodi, maana mama mwenye kilio haondoki penye kilio siku ya kuzika. Hata kuja kwangu alikuwa amesindikizwa na wanawake wawili, waliomsubiri langoni.

Mamere alikuwa anapalilia maua. Alinisikiliza mpaka mwisho, jembe mkononi.

"Hapana," akasema. "Mwaka jana tulifungulia mutu mumoja. Kiisha ya siku kidogo, kila mutu alikuwa na mariage ya dada yake ku Ulaya."

"Mamere, huyu amefiwa na mutoto!"

"Minajua. Nililia naye asubui. Lakini kuko mwalimu wa Sange alikosa kuona ubatizo ya mutoto wake, nilimukatalia mimi. Nikifungulia mupishi wangu, ntamuambia nini? Kwamba sheria, règle yetu, ni ya bale ba mbali tu?"

Nilikasirika. Nilisema maneno ambayo hayasemwi mbele ya mtawa, kwamba Mungu wake anajua kuhesabu kuliko kuhurumia. Akaendelea kupalilia. Nilirudi chumbani kwangu nikaupiga mlango mpaka vumbi la nta likadondoka darini. Nikafikiria kwenda Kasha nifungue kwa mkono. Halafu nikamkumbuka kapita. Angepita katikati ya mazishi, angekuta kitu kisichoandikwa, na angelifunga jina hilo mama akiwa anatazama jeneza. Nilikuwa nimejengea watu mlinzi asiyehongeka, na sasa alisimama mlangoni pa mama wa watu. Siku ile nilimchukia.

Siku iliyofuata, Ijumaa, mamere alibisha mlangoni kwangu. Hakuwahi kufika chumbani kwangu kabla ya hapo. Huwa anaita, na mtu anakwenda. Mkononi alikuwa na kitabu chake cha sala, kile chenye utepe, kimechakaa kingo. Alitazama lile kabati la mashine, akatazama kiti changu chenye waya, akaamua kusimama.

"Ile kapita yako," akasema, "Jumapili, dimanche yetu, inaanzaka saa ngapi kwake?"

"Saa sita ya usiku, mamere."

"Nani aliifundisha vile?"

"Njo vile siku inaanza. Ni calendrier."

"Ya serikali, ndiyo. Ya Kanisa, hapana." Akafungua kitabu, akaniwekea mezani, akagusa mahali kwa ukucha. "Dimanche inaanza samedi mangaribi, na masifu ya jioni. Tukishaimba ile, tumeshaingia. Mimi naimbaka kila samedi, tangu nikiwa musichana, na sikufikiri. Ile sheria yetu iko na kosa, papa. Tunafungisha batu ku dimanche."

Nilimtazama nikidhani ananitania. Hakuwa anatania.

"Sikutafuta mulango ya nyuma," akaendelea. "Nilijiuliza tu kama règle yenyewe iko sawa. Haiko sawa. Andika upya."

Nimefanya kazi hii kwa miaka, nimesoma mafunzo yake kwa Kifaransa mpaka macho yakaniuma, na sikuwahi kufikiri kwamba siku inaweza kuwa na mlango mwingine. Mashine zote duniani zinakubaliana kwamba siku mpya huingia saa sita ya usiku, watu wakiwa wamelala, bila mtu wa kuipokea. Na huyu bibi mwembamba alikuwa na siku nyingine, iliyoanza jua likizama, ikipokelewa kwa wimbo, tangu kabla Bukavu haijawa mji. Nilifuta saa sita ya usiku, nikaandika saa kumi na mbili jioni, Jumamosi, kila Jumamosi ya Kwaresima, mahali pote. Akatoa simu mfukoni mwa kanzu, akasoma taratibu, akabonyeza.

"Samahani ya yale maneno, mamere."

"Maneno gani?" akasema, na akatoka na kitabu chake.

Furaha yangu haikufika jioni. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Tulikuwa tumefungua kwa wote, na wote maana yake ni bweni zima, na walimu wa Sange, na vijana wa Bunyakiri, saa ile ile ambayo picha ya mazishi ingekuwa inapita. Nilizijua Jumapili za Kwaresima kwenye ubao wangu. Watu walioshinda njaa wiki nzima hawaulizi nani ale kwanza. Bomba ni moja, na picha ya mama wa watu ingeganda kabla padri hajafungua mdomo. Kugawa bomba ili Kasha wapate kwanza ni jambo la wale wenye setelaiti, si langu, na Ijumaa jioni ukiwapigia wanakuwekea muziki. Niliusikiliza muziki huo mpaka simu ikaisha chaji. Kwa mamere sikurudi tena. Ningemwambia nini, afunge tena Jumapili?

Jumamosi nilipanda kwenda Kasha na kompyuta yangu mgongoni. Turubai lilikuwa limefungwa uani kwa mama, viti vya plastiki vimejaa, wanawake wameketi chini kwenye mikeka. Duka la jirani, lile linalopiga rumba kuanzia asubuhi mpaka watu wanagombana, lilikuwa kimya. Hakuna aliyemwambia mwenye duka anyamaze. Penye kilio muziki unazimwa. Mtoto wa huku anajua hivyo kabla hajajua kusoma.

Kwenye chumba cha mikutano cha kituo, vijana wanaofanya kazi pale walikuwa wamewasha kioo kikubwa. Mama aliingia, wakamkalisha mbele. Mapajani alikuwa na kitambaa kilichofungwa fundo. Nilikaa pembeni, kompyuta yangu magotini, ubao wazi. Kengele ya parokia ililia, saa kumi na mbili. Nikajaribu jina la tovuti ile. Chujio likakana.

Nilijua sababu. Mashine ikishaambiwa kwamba mtu fulani hayuko, hulikumbuka jibu hilo kwa muda na kulirudia bila kuuliza upya, na wale vijana wa kituo walikuwa wamejaribu dakika chache kabla. Lakini kujua sababu ni jambo moja, na kutazamwa na mama yule ni jambo jingine. Aligeuka, akanitazama. Nilifuta kumbukumbu ile kwa mkono. Nikauliza tena.

Likajibu. Kioo kikawa cheupe, kisha kikawa kijani, kisha ikawa majani ya makaburi ya watu wengine, yaliyokatwa sawasawa, na jeneza katikati yake, na watu wetu wamevaa makoti.

Hapo nikauinamia ubao wangu kusubiri mafuriko. Nilijua yatakavyokuja: kwanza bweni, halafu Sange, halafu Bunyakiri, mstari juu ya mstari mpaka nisiweze kusoma. Nikasubiri. Kule Amerika padri alianza kusoma. Ubao ulikuwa na mstari mmoja tu, wetu, wa Kasha.

Nikadhani njia zimekatika. Nikapima. Sahani zote zilikuwa hai. Kila moja ilikuwa inatuma ile ishara yake ndogo ya kusema niko hapa. Kapita alikuwa ameshapita kote, na mlango ulikuwa wazi kote. Sange wazi. Bunyakiri wazi. Bwenini, na chumba kizima cha kompyuta, wazi. Ila hakuna aliyeuliza jina la wimbo, wala la mchezo, wala la video yoyote. Nilitoka mlangoni taratibu nikampigia mkuu wa Sange.

"Connexion iko kwenu?" nikamuuliza.

"Iko. Tuliona imefunguka."

"Sasa mbona hakuna mutu anaangalia?"

Alijibu kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa nguo.

"Si kuko kilio kwetu? Batoto ya internat, bale ba bweni, balipiga simu huku na Bunyakiri jana, balisema maman wa jikoni anazika mutoto ku connexion. Mu kilio hatupigake muziki, papa."

Nilisimama pale barazani Kasha, simu sikioni, na chini yangu ziwa lilikuwa limeanza kushika giza. Miaka yote nimekuwa nikijenga kitu cha kuwakatalia watu. Nilikuwa nimeweka sheria, mtu wa kuibonyeza, na kapita wa kuizungusha mchana na usiku, na nilijivuna kwa kazi hiyo. Saa ile sheria ilikuwa haikatazi kitu. Watu walikuwa wamenyamaza wenyewe, kuanzia bonde la Ruzizi mpaka milima ya Bunyakiri, mtandao mzima umekuwa ua mmoja wenye mfiwa ndani. Nimeona mambo mengi kwenye ubao ule. Jioni hiyo niliuona mtupu, na sijaona kikubwa kuliko hicho.

Nilirudi ndani. Picha haikuwa imeganda hata mara moja. Ilikuwa safi kiasi kwamba tuliona upepo wa kule ukipeperusha karatasi ya padri. Wakaanza kushusha jeneza. Mama aliinuka kabla ya watu wote. Alifungua fundo la kile kitambaa, na ndani mlikuwa na udongo, ule mwekundu wa nyuma ya nyumba yake, ambako mwanawe alijifunza kutembea. Alisogea mpaka kioo kikamulika uso wake. Jeneza lilipozama asilione tena, alichota udongo akautupa chini ya kioo, na ukalia kwenye saruji. Kisha akalia yeye. Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Wanawake wa chumbani wakampokea, wa uani wakawapokea wale, na nilisikia kikishuka mtaani nyumba kwa nyumba.

Nilidhani yamekwisha. Ndugu wa kule walianza kurudi kwenye magari yao, na mmoja wa vijana wa kituo alinyoosha mkono azime kioo. Mama akamzuia. Kitambaani ulikuwa umebaki udongo, naye aliuchota wote, akafunga ngumi. Safari hii hakutazama Amerika. Aligeukia dirisha, upande wa milima ambako njia ya Bunyakiri inapotelea, akasimama hivyo kwa muda, mkono wake umeinuliwa. Kisha akautupa chini, mahali pale pale penye ule wa kwanza.

Jirani yake aliuliza kwa sauti ndogo, "Na ile ni ya nani, maman?"

"Ya papa yabo," akasema. "Leo nimeona vile banazikaka mutu. Na yeye nimemuzika."

Akakung'uta kitambaa, akajifunga nacho kiunoni, na akaomba ufagio.